Samaki wa Mto Niger wanafuata maji, sisi tunafuata nyavu

Kuna swali naulizwa karibu kila nikienda kutoa elimu mialoni, hasa na vijana wanaoangalia video za wavuvi wa Mali kwenye simu: mtaalamu, kwani kule si jangwa, samaki wote wale wanatoka wapi? Swali zuri sana kwa kweli, na ukilielewa jibu lake utaona kwa nini kila siku kubishana na mvuvi juu ya inchi za matundu ya nyavu hakumalizi kesi.

Iko hivi. Mto Niger unaanzia milima ya Guinea, mvua zinapiga kule kuanzia katikati ya mwaka alafu maji yanateremka mdogo mdogo mpaka katikati ya Mali, upande wa Mopti na Ziwa Debo, na hapo yanakuta tambarare isiyo na mteremko wa maana basi yanamwagika pembeni, yanatandaa. Mwaka wa maji mengi yanafunika zaidi ya kilomita za mraba 20,000, hiyo inakaribia Rwanda nzima. Na yanatembea polepole mno, mvua ya Agosti kule Guinea watu wa Timbuktu, mbele zaidi mto unakoelekea, wanaona kilele cha maji yake Desemba huko, wakati kwao halijadondoka hata tone.

Sasa samaki wanasubiri hiyo kitu mwaka mzima. Maji yakipanda tu wazazi wanatoka mtoni wanaingia kwenye majani kutaga. Kuna jani linaitwa burgu, linaota na kuinuka pamoja na maji, shina lake linaweza kuwa mita kadhaa, na ukilishika huko chini ya maji ni utelezi mtupu, umejaa ukungu wa kijani na vidudu, na hicho ndo chakula cha vifaranga, na jani lenyewe ndo maficho yao. Alafu kuna kitu mimi binafsi nakipenda sana, kiangazi hapo hapo ng'ombe wa Wafulani walikuwa wanachunga, wakaacha samadi, maji yakija ile samadi inakuwa mbolea. Kwa hiyo ng'ombe wa Machi anamlisha sato wa Oktoba bila mtu yeyote kupanga.

Kila samaki na tabia yake lakini. Kambale anapumua hewa ya juu kwa hiyo tope halimsumbui. Kamongo maji yakikauka anajichimbia, anajizungushia ute unaokauka kama ganda na kulala humo mpaka maji yarudi. Heterotis, huyu ndugu zetu wa Kongo wanamjua, wanamwita Kongo ya sika, anasafisha majani anatengeneza kiota cha duara kwenye maji mafupi alafu anakilinda. Na sangara naye yupo, tena kule ndo kwao, Wahausa wanamwita giwan ruwa, tembo wa majini. Wengi hapa Ziwa Victoria wanashangaa kwamba kule hakumaliza wenzake kama ilivyotokea huku alipoletwa miaka ya 1950 na 1960. Sababu moja ni kwamba amekaa na hao samaki toka enzi na enzi, nyingine ni kwamba sangara anataka hewa ya kutosha majini, ndani ya majani yaliyooza hawezi kukaa, wadogo wanajificha humo.

Maji yakianza kushuka vifaranga wana miezi michache tu, wanarudi mtoni kupitia vijito na mifereji, na hapo ndo wanapokutana na binadamu. Sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa pale hawajafikisha hata mwaka mmoja. Ukimwambia ofisa uvuvi wa huku atashika kichwa. Lakini ndo uvuvi wenyewe ulivyo, samaki wa tambarare anazaa haraka na wengi wangekufa tu kwenye madimbwi yanayokauka, hivyo kumvua mdogo sio dhambi moja kwa moja, shida inaanza pale maji yanapokosekana.

Na yalikosekana. Ukame wa miaka ya 1970 na ule wa 1984 ulibana tambarare ile, na samaki waliovuliwa kwa mwaka walishuka kutoka kama tani 90,000 mwisho wa miaka ya 1960 mpaka karibu nusu yake miaka ya 1980. Wanaotegemea majani kutaga wakapungua kwanza, sato na kambale wakabaki. Juu ya ukame kuna mabwawa, Markala toka 1947 linachepusha maji kwenda mashamba ya mpunga, Sélingué toka miaka ya 1980 linazuia maji ya masika ili kuzalisha umeme kiangazi. Siwalaumu, watu wanataka wali na taa, ila kila sentimita ya maji isiyopanda Septemba ni majani ambayo hayakufunikwa, na hiyo huwezi kuirudisha kwa kuchoma nyavu za watu mwaloni.

Wabozo, ambao ndo wavuvi wa asili wa pale, walikuwa na utaratibu wao. Kila dimbwi lilikuwa na ukoo wenye maji, mzee ndo anasema leo hapaingiwi na siku fulani tunaingia wote, kabla ya hapo ukitupa nyavu umejitafutia balaa. Baada ya uhuru serikali ikasema maji ni ya taifa, kata leseni uvue, na nyavu za nailoni zikawa zimeshafika, basi mzee akabaki anaheshimiwa ila hasikilizwi sana. Ukitaka kuona utaratibu wa aina hiyo ukiwa bado na nguvu nenda Argungu, Nigeria, kipande cha mto kinafungwa mwaka mzima, alafu siku ya tamasha maelfu ya wanaume wanaingia na vibuyu na nyavu za mkono kwa muda mfupi tu, mwenye samaki mzito ndo bingwa, mwaka 2005 alitoka wa kilo 75. Limeanza toka 1934. Watu wanaona ni sherehe, mimi naona ni likizo ya samaki.

Ila mfano ninaourudia sana uko Kameruni, Mto Logone. Bwawa la Maga lilijengwa 1979 na tuta lake likakata maji ya tambarare, samaki wakapotea, wavuvi wakahama. Mwaka 1994 na tena 1997 wakafungua vijito vilivyozibwa, maji yakarudi kwenye sehemu ya tambarare, majani yakaota na samaki wakarudi nayo. Raha tupu. Alafu watu wakaanza kuchimba mifereji kwa jembe, kila familia wake, kutoka kwenye mabonde mpaka mtoni, maji yakishuka unatega nyavu mdomoni na samaki wanajileta wenyewe. Mmoja wawili hauna neno, ila imekuwa mingi mno, na mifereji mingi inakausha tambarare mapema kabla vifaranga hawajakua, so kila mtu anawahi kufungua wake kabla ya jirani. Sasa nyavu unaweza kuipima kwa rula, ila nani atapanga tarehe ya kufungua mfereji, na jirani akikataa je? Wazee wa Kibozo walikuwa na jibu lao, ofisi zetu nyingi bado zinapima nyavu.