Human League: Kundi Lililopanda Chati Baada ya Kuvunjika

Kwa sisi watayarishaji wa muziki, sijui mfano bora kuliko Human League wa kundi lililofaidika kwa kuwapoteza wanamuziki wake mahiri. Mwishoni mwa mwaka 1980 Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliokuwa nguzo ya sintesaiza (vinanda vya umeme vinavyounda sauti) katika kundi hilo la mji wa Sheffield, Uingereza, walijitenga na kuanzisha Heaven 17, wakamwachia mwimbaji Philip Oakey jina, madeni na ziara ya Ulaya iliyokwisha kupangwa. Ili kuziba pengo, Oakey aliwachukua wasichana wawili waliokuwa bado shuleni, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, aliowaona wakicheza katika klabu ya Crazy Daisy.

Kilichofuata kilitokea studioni. Mtayarishaji Martin Rushent, akitumia mashine ya ngoma ya Linn LM-1, ambayo ilibeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, alisuka midundo kwa subira na kuacha nafasi wazi kati ya sauti moja na nyingine, hivi kwamba sintesaiza hazikugombana na waimbaji. Hao wasichana hawakuwa na mafunzo ya uimbaji, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya kundi: Sulley anapomjibu Oakey katika ubeti wa pili wa “Don’t You Want Me”, unasikia mtu wa kawaida anayekataa kusimangwa, wala si sauti iliyonakshiwa.

Oakey mwenyewe hakuuthamini wimbo huo, akauweka mwisho kabisa wa albamu ya Dare iliyotoka Oktoba 1981. Singo tatu, yaani nyimbo zilizotolewa peke yake kutoka albamu hiyo, zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye chati, naye aliona zinatosha. Ni Simon Draper wa kampuni ya Virgin aliyeshikilia kwamba itolewe ya nne, “Don’t You Want Me”. Ilikaa namba moja Uingereza kwa wiki tano, Krismasi ikiwemo, na Julai 1982 ikafika namba moja Marekani, ambako kituo kichanga cha televisheni ya muziki cha MTV kilikuwa na njaa ya video.

Wasikilizaji walipotaka zaidi, “Being Boiled”, wimbo wa mwaka 1978 wa enzi za Ware na Marsh, ulirudishwa sokoni, na Januari 1982 ukapanda hadi nafasi ya sita.