"Toleo la mwisho" la mfumo endeshi lina maana gani?

"Niwekee Windows ya mwisho." Ombi hili nalisikia karibu kila wiki kwenye meza ninapotengenezea kompyuta, na kila anayelitoa anataka kitu kimoja: ile mpya, iliyotoka karibuni zaidi. Kiswahili kinamruhusu. Lakini mtoto wa mwisho huwa kitindamimba pale tu wazazi wanapokuwa wameacha kuzaa. Kabla ya hapo ni mdogo kuliko wenzake, basi, na mwakani anaweza naye kuitwa kaka. Je, mfumo endeshi wa kompyuta unaweza kuwa na kitindamimba?

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mashine yenyewe na programu nyingine zote. Tazama jambo dogo linalofanyika steshenari kila dakika. Karani anafungua barua ya mteja, anabonyeza Ctrl na P. Programu iliyoandikia barua haijui printa ile ni ya aina gani, imeunganishwa kwa waya au kwa Wi-Fi, wala kama kuna kazi nyingine tano zinangoja. Inaukabidhi mfumo endeshi ukurasa, imemaliza. Mfumo ndio unaopanga foleni, unaotafuta draiva ya printa hiyo (programu ndogo inayojua kuiendesha), unaotenga kumbukumbu, na unaoizuia programu moja isichungulie mambo ya mwenzake. Windows, Linux, macOS na Android zote zina kazi hiyo.

Mei 2015, katika mkutano wa Microsoft mjini Chicago, mfanyakazi wa kampuni hiyo, Jerry Nixon, aliwaambia watayarishaji programu kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Maneno yake yalienea haraka sana. Kilichokusudiwa ni kwamba badala ya kuuza Windows mpya kila baada ya miaka michache, hiyo hiyo moja ingekuwa inabadilishwa kidogo kidogo bila kusimama. Jina lingebaki 10, yaliyomo yasingebaki. Kwa hiyo hata ahadi yenyewe haikuwa ya mfumo uliokamilika, ilikuwa ya jina lisilobadilika. Nalo jina likabadilika tarehe 5 Oktoba 2021, Windows 11 ilipotoka.

Ndiyo maana siipi namba uzito mkubwa. Mwaka 2011 Linux ilitoka 2.6.39 ikaenda 3.0, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, mwenyewe alieleza kwamba hakuna jambo kubwa lililobadilika, namba tu zilikuwa zimerefuka mno. Arch Linux, aina mojawapo ya Linux, haina namba ya toleo kabisa: unaiweka mara moja, kisha unaisasisha maisha yake yote.

Swali lenye uzito ni kama kazi yenyewe inaweza kuisha. Kwa programu za aina nyingine, inawezekana. Donald Knuth wa Stanford alianza kuunda TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu hasa vya hisabati, katika miaka ya 1970. Namba za matoleo yake zinaisogelea pai: 3.1, 3.14, na kuendelea hadi 3.141592653 ya mwaka 2021. Ameagiza kwamba akifa, namba iwe pai yenyewe na asiwepo wa kuigusa tena. Kosa litakalokutwa baada ya hapo lihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Huo ni mwisho wa kweli, na mimi huuheshimu sana. Lakini TeX inaweza kuumudu kwa sababu inapokea maandishi, inayapanga, halafu mambo ya printa na skrini inawaachia wengine. Mfumo endeshi hauna wa kumwachia.

Chukua saa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikatoka katika saa za Nairobi na Dar es Salaam. Hakuna aliyekosea kuandika programu. Serikali iliamua, na kila simu na kompyuta mjini Juba iliyopanga muda kwa kufuata jina la eneo ikawa inahitaji orodha mpya ya saa za dunia. Mfumo uliofungwa mwaka 2020, hata ungekuwa safi kabisa, asubuhi ile ungesema uongo.

Mwaka 2018 jambo lilitokea chini zaidi. Watafiti walitangaza dosari iliyoitwa Meltdown, iliyokuwa ndani ya prosesa zenyewe, hasa za Intel: programu ya kawaida iliweza kusoma kumbukumbu ya kiini cha mfumo. Prosesa iliyokwisha kutoka kiwandani huwezi kuifumua, kwa hiyo Windows, Linux na macOS zikalazimika kubadilishwa ili kuziba kosa lisilokuwa lao.

Na kuna tarehe 19 Januari 2038. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na ile ya zamani huiweka hesabu hiyo katika nafasi ya biti 32. Nafasi hiyo itajaa siku hiyo, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na sekunde itakayofuata itasomeka kama Desemba 1901.

Kwa hiyo mfumo endeshi hupata toleo la mwisho kwa njia moja tu: walezi wake wakiacha kuulea. Windows XP ilipoteza msaada Aprili 2014, na bado kompyuta nyingi ziliendelea kuwaka nayo. Virusi vya WannaCry viliposambaa Mei 2017, Microsoft ilibidi irudi kuwatolea watu wote kiraka cha mfumo iliokuwa imeuzika miaka 3 nyuma.

Windows 10 imepita njia hiyo hiyo. Toleo lake la mwisho ni 22H2, na msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuangalia la kwako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu zina prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, ambazo karibu zote hazimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Hizo huziwekea Linux Mint, kisha namkalisha mwenyewe mbele ya skrini nimwoneshe alama ndogo pale chini kulia, ya kubonyeza kila masasisho yanapofika.