Umbo jipya la mawimbi ya simu si mionzi mipya

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya simu hudai kwamba kila kizazi cha mtandao huleta mionzi ya aina isiyowahi kuwapo. Si kweli. Wahandisi wanaobuni umbo jipya la mawimbi hupanga upya data juu ya mawimbi yale yale ya redio: 4G huigawa katika vijimawimbi vingi vilivyoachana kwa kilohezi 15 (kipimo cha masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde), na 5G imebaki na mbinu hiyo, ila nafasi yaweza kuwa 30, 60 au hata 120. Neno “jipya” huwachanganya wengi, na inaeleweka. Soma masafa katika maelezo ya simu yako: gigahezi 3.5 za 5G ziko kati ya 2.4 na 5 za Wi-Fi ya nyumbani. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.