Ali Javan, aliyeuhesabu mwanga

Wanafunzi wanapowashiwa leza ya gesi za heliamu na neoni kwa mara ya kwanza, wengi hutarajia kitu cha kuunguza. Badala yake huona nukta nyekundu imetulia ukutani. Ukikinga kiganja huwezi kuhisi hata joto, ingawa kuichungulia kwa jicho ni marufuku. Utulivu huo ndio uliotafutwa kwa jasho, na aliyeutafuta ni mwanafizikia Ali Javan.

Leza ya kwanza duniani haikuwa yake. Mei 16, 1960, Theodore Maiman aliimulika fimbo ya yakuti nyekundu kwa taa kali ya mmweko, nayo ikatoa leza, ikazimika papo hapo. Javan alitaka mwanga usiokatika. Alizaliwa Tehran, Iran, mwaka 1926, akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 1954 chini ya mwanafizikia Charles Townes, kisha mwaka 1958 akaingia maabara za Bell, za utafiti wa simu huko huko Marekani. Huko akaja na wazo ambalo hadi leo naliona la kijanja kupita kiasi: aachane na taa, apitishe umeme ndani ya gesi.

Ndani ya bomba la kioo kuna heliamu nyingi na neoni kidogo, kama kumi kwa moja. Umeme huisisimua heliamu, lakini atomu yake haiwezi kuitua nishati hiyo kirahisi kwa kutoa mwanga. Inakaa nayo kama mtu mwenye mzigo asiyeona pa kuutua, mpaka igongane na atomu ya neoni, ambayo kwa bahati ina ngazi ya nishati inayokaribiana sana na ya heliamu. Mzigo unahamia huko. Neoni zilizo ngazi ya juu zikiwazidi wenzao wa ngazi ya chini, mwanga unaopita kati yao hukua, na vioo viwili kwenye ncha za bomba huurudisha tena na tena.

Desemba 12, 1960, Javan, William Bennett na Donald Herriott walifaulu. Hakuna aliyeuona mwali wenyewe, maana ulikuwa wa infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni. Vifaa ndivyo vilivyowapa habari. Kesho yake wakapitisha mazungumzo ya simu juu yake. Ule mwekundu tunaoujua ulipatikana mwaka 1962, kwa mikono ya watafiti wengine hapo hapo Bell.

Watu wengi humwachia Javan hapo, na mimi naona wanamkosea. Baadaye, akiwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alilishika swali gumu zaidi: mwanga ni mawimbi kama ya redio, basi kwa nini tusiyahesabu? Mwali wake wa kwanza ulitetema mara trilioni 260 hivi kwa sekunde, na hakuna saketi iliyoweza kufuata kasi hiyo. Kundi lake likachukua waya mwembamba wa tungsteni, ncha yake ikagusa kipande cha chuma kidogo tu. Waya ukawa antena ya mwanga, mguso ukawa dayodi, kifaa kinachopitisha umeme kirahisi zaidi upande mmoja, inayochanganya masafa mawili (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde) ili tofauti yao ihesabike.

Mwaka 1972 watafiti wa Boulder, Colorado, walitumia dayodi za aina hiyo kuyapima masafa ya leza ya heliamu na neoni, na kutokana nayo wakakokotoa kasi ya mwanga. Kasi hiyo sasa ndiyo msingi wa mita yenyewe: tangu mwaka 1983, mita ni umbali ambao mwanga husafiri kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.