Je, wajua kwa nini baiskeli za kukodi zilirundikana kama milima nchini China?

Mwaka 2017 na 2018 zilienea duniani picha zilizopigwa kutoka angani katika miji ya China kama Xiamen na Hefei, zikionyesha viwanja vizima vilivyojaa baiskeli za njano, za rangi ya chungwa na za buluu, zimelaliana usukani kwa usukani, na penginepo lundo limepita kimo cha mtu. Kwa sisi tuliozoea kuona baiskeli moja ikilisha familia kwa kubeba mkaa, maji au abiria, picha zile zinauma, hasa ukijua kwamba baadhi ya baiskeli hizo zilikuwa bado nzima. Zilifikaje pale?

Mifumo ya awali ya kukodisha baiskeli mijini, kama ule wa Paris ulioanza mwaka 2007 na wa Hangzhou ulioanza mwaka 2008, ilikuwa na vituo maalumu, na mpandaji alilazimika kuirudisha baiskeli kituoni. Idadi ya baiskeli haikuweza kupita kiasi, kwa sababu kila moja ilihitaji nafasi yake. Kampuni ya Ofo, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking mwaka 2014, na ile ya Mobike, iliyoingia mitaani Shanghai mwezi Aprili 2016, ziliviondoa vituo hivyo kabisa. Mtu alifungua kufuli kwa kutumia simu yake, akaendesha hadi alikotaka, akaiacha baiskeli pembeni mwa barabara. Mobike ilitoza yuan 1, yuan ikiwa ni sarafu ya China, kwa nusu saa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Anayetoka kwenye stesheni ya treni asubuhi, akiwa amechelewa kazini, hachagui kampuni. Anachukua baiskeli iliyo karibu naye. Kwa hiyo silaha kubwa ya ushindani ikawa wingi: mshindani akiweka baiskeli ishirini kwenye kona, wewe unaweka hamsini, na kwa kuwa hakuna kituo cha kujaa, hakuna kinachokuzuia. Zilichipuka kampuni zaidi ya 70. Kufikia mwaka 2017 Beijing ilikuwa na baiskeli za kukodi zaidi ya milioni 2 na Shanghai takriban milioni 1.5, njia za waenda kwa miguu zikazibwa, zilizoziba njia zikaondolewa na kurundikwa viwanjani, na mwezi Agosti mwaka huo Shanghai ikapiga marufuku kuongeza nyingine.

Vita hivyo vilionekana hata kwenye vyuma vyenyewe. Baiskeli ya kwanza ya Mobike haikuwa na mnyororo, na matairi yake hayakuwa na upepo, kwa hiyo haikujua pancha. Kufuli yake ilipokea ishara za setilaiti, na kampuni ilijua baiskeli iko wapi. Lakini ilikuwa nzito na ya gharama kubwa. Ofo ilitumia baiskeli ya kawaida, nyepesi na rahisi, ambayo mwanzoni ilikuwa na kufuli ya kubonyeza namba. Namba ya kila baiskeli haikubadilika, hivyo aliyeikariri mara moja aliweza kuipanda tena bila kulipa. Katika mashindano ya wingi, baiskeli rahisi ndiyo iliyosambaa haraka, na haukupita muda kabla Mobike nayo kutengeneza iliyo nyepesi na ya bei nafuu zaidi.

Bila shaka yuan 1 haiwezi kununua, kutengeneza na kuhamisha mamilioni ya baiskeli, na kuna nyakati ambapo kampuni ziliwapa watu safari za bure. Fedha zilitoka kwa wawekezaji, wakiwemo majabali wawili wa teknolojia wa China: Tencent ilikuwa nyuma ya Mobike, na Alibaba ikaja kuiunga mkono Ofo, kila mmoja akitaka wapandaji wazoee kulipa kwa simu kupitia mfumo wake. Tena kulikuwa na amana, yaani fedha ambazo mpandaji aliziweka kwa kampuni kabla ya kupanda, akitarajia kurudishiwa. Mobike ilidai yuan 299 kwa kila mtu, Ofo ilidai 99 na baadaye 199.

Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kwa mwaka mmoja hivi mpandaji alikuwa ndiye kunguru. Ila furaha hiyo ilikuwa imewekewa rehani ya fedha zake mwenyewe. Bluegogo, kampuni nyingine ya baiskeli hizi, ilianguka mwezi Novemba 2017. Mobike ilinunuliwa na Meituan, kampuni ya huduma za mtandaoni, mwezi Aprili 2018. Mwezi Desemba mwaka huo, katika baridi kali ya Beijing, watu walipanga foleni nje ya ofisi za Ofo wakidai amana zao, huku waliojiandikisha mtandaoni ili warudishiwe wakizidi milioni 10. Hata kwa kiwango cha chini cha yuan 99, hilo ni deni la karibu yuan bilioni 1 kwa watu wa kawaida, na kwa maoni yangu huo ndio uharibifu mkubwa kuliko vyuma vilivyoozea viwanjani.

Mwaka 2019 serikali ya China ilitoa kanuni zinazozitaka kampuni hizi, kimsingi, zisitoze amana, na zikitoza, fedha hizo ziwekwe katika akaunti maalumu ya benki. Miji nayo iliweka ukomo wa baiskeli ambazo kila kampuni inaweza kuingiza. Leo soko limebaki mikononi mwa kampuni chache, hasa Hello, Meituan na Didi, nayo bei imepanda: mjini Beijing, nusu saa ya Mobike ilifika yuan 1.5 mwaka huohuo wa 2019.