Ujenzi usiohitaji kibali Uingereza: banda la uani si baraza

Ukitaka kuezeka sehemu ya uani Uingereza, fundi atakwambia, "Hiyo haina haja ya kibali." Ni ukweli nusu. Kibali kipo, ila kimetolewa mapema kwa wenye nyumba wote kupitia amri ya serikali ya mwaka 2015, na kimefungwa kwa vipimo. Ndiyo maana ya permitted development: ujenzi ambao ruhusa yake imekwishatoka. Ukivuka kipimo kimoja, hata kwa sentimita kumi, ruhusa hiyo haikuhusu tena. Inabidi upeleke ombi halmashauri. Fleti hazimo kabisa, na Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao.

Kabla ya kuuliza ukubwa, uliza kama paa limeshikana na nyumba.

Banda linalosimama kwa nguzo zake lenyewe ndilo jepesi. Lisijengwe mbele ya uso wa nyumba, liwe la chini tu bila ghorofa, na upenu usizidi mita 2.5. Kileleni ni mita 4 kwa paa la pande mbili, mita 3 kwa paa jingine lolote. Lakini likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani, hata kwa kona moja, banda zima lisizidi mita 2.5. Nyua za mjini ni finyu, kwa hiyo hicho ndicho kipimo kinachowanasa wengi. Kimo hupimwa kutoka ardhi ya asili, pale ilipo juu zaidi kando ya banda. Kwenye mteremko hiyo ni nafuu. Anayeumia ni yule anayemwaga kifusi kwanza kisha akapimia juu ya kifusi. Sakafu iliyoinuliwa zaidi ya sentimita 30 nayo haimo.

Halafu kuna eneo. Kiwanja kikiwa na mita za mraba 200 na nyumba ya awali ikichukua 60, zinabaki 140. Nyongeza zote kwa jumla zisizidi nusu yake, yaani 70. Nyumba ya awali ni ile iliyokuwapo tarehe 1 Julai 1948, au kama ilivyojengwa ikiwa ni ya baadaye. Stoo aliyoiacha mwenye nyumba aliyekutangulia inahesabiwa kwako. Na matumizi yawe ya ziada kwa nyumba: kupumzika, baiskeli, zana. Chumba cha kulala cha mpangaji, hapana.

Paa lililoshikizwa ukutani huhesabiwa kuwa upanuzi wa nyumba. Nyuma ya nyumba, upanuzi wa chini huruhusiwa kutokeza kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba ya awali mita 4 kwa nyumba inayojitegemea na mita 3 kwa iliyoungana na nyingine. Hapa kuna mtego: amri inataja veranda kwa jina kati ya vitu visivyoruhusiwa. Veranda kwa maana hiyo ni ukumbi wa chini unaoambaa ukuta wa nje, kwa kawaida umeezekwa na una upande wazi. Kwetu hilo ni baraza hasa. Maofisa hawalisomi neno hilo kwa namna moja, kwa hiyo usitegemee kwamba ya jirani ilipita.

Penye shaka, omba halmashauri cheti cha uhalali wa ujenzi kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo. Ada yake ni nusu ya ada ya ombi la kibali, na mnunuzi wa nyumba atakuja kukiuliza. Kwa kazi isiyo na ruhusa iliyokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua. Zamani ilikuwa 4.

Soma pia kibali cha awali cha nyumba yako. Mitaa mipya mara nyingi huwa na sharti linalofuta ruhusa hii yote, na maeneo ya urithi yanaweza kufutiwa na halmashauri. Nyumba iliyoorodheshwa kuwa jengo la kihistoria haipati banda la uani bila ombi, hata liwe dogo vipi.