Majuma ya kwanza mgongoni mwa farasi mchanga

Farasi anapopandwa kwa mara ya kwanza, hana namna ya kujua kwamba anapandwa. Anachokihisi ni uzito uliotua pale ambapo mnyama mwindaji angemrukia, pamoja na kivuli kinachosogea kwenye ukingo wa macho yake. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu duara zima, takriban nyuzi 350, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso na nyingine iliyo nyuma yake moja kwa moja. Mpandaji aliyeketi wima huwa nusu ndani ya sehemu hiyo ya nyuma na nusu nje yake, kiasi kwamba kila anapoinua mkono, mkono huo huonekana kama kitu kilichochomoza ghafla pasipojulikana.

Nimekuwa nikiwaanzisha farasi wachanga kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kusadiki jambo moja. Mengi tunayoyaita ukaidi, kiburi au utundu katika majuma haya ya kwanza ni mwili uliopoteza mizani, au kinywa kinachouma, au agizo ambalo mnyama alilitii na hakuna aliyemwonyesha kwamba ametii. Ukaidi wa kweli katika umri huo ni nadra sana, na mara chache nilizodhani nimeuona, niligundua baadaye kwamba nilikuwa nimekosea.

Nianze na mwili, kwa kuwa ndio unaolipa gharama ya haraka zetu. Mifupa ya farasi hurefuka kupitia tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na tabaka hizo hufunga kwa zamu, za chini ya mguu zikitangulia. Ile iliyo juu kidogo ya goti la mbele hufunga akiwa na miezi 24 hadi 30 hivi, ilhali zile za uti wa mgongo, yaani pale hasa tunapoketi, huweza kubaki wazi hadi miaka 5 au 6. Simaanishi kwamba farasi asipandwe hadi afikishe miaka 6, kwani mazoezi ya wastani husaidia mifupa na kano kujijenga. Ninachosema ni kwamba farasi wa miaka 3 anayeonekana amekamilika bado ni mtoto mgongoni mwake, hata akiwa mrefu na mnene kuliko mama yake. Wengi hufuata kanuni kwamba farasi mzima asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, mpandaji na tandiko pamoja. Kwa mchanga mimi hukaa chini ya asilimia 15, maana yake farasi wa kilo 450 hatabeba zaidi ya kilo 67, tandiko likiwemo. Mpandaji mzito mwenye ujuzi mkubwa atakuwa na nafasi yake baadaye.

Kuna jambo jingine la mwili ambalo kila mpandaji angelijua kabla ya kukanyaga kikuku, ile pete ya tandiko ya kuwekea mguu. Farasi hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Kifua chake kimening'inia kati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tu, mfano wa machela, na takriban asilimia 60 ya uzito wake tayari inaielemea miguu hiyo. Misuli ya machela hiyo haijawahi kubeba mtu. Ndiyo maana farasi mchanga, hatua zake za kwanza, huyumba na kupepesuka kama mtu aliyembeba mtoto mabegani huku mtoto akigeuka huku na huku. Akiharakisha, kwa kawaida hana hamu ya kukimbia. Anaikimbilia mizani yake iliyomtangulia mbele. Ukimvuta hatamu kwa nguvu wakati huo unamnyima shingo, na shingo ndiyo anayoitumia kujisawazisha.

Maandalizi ya ardhini sitayaeleza kwa urefu. Inatosha kusema kwamba kabla ya siku ya kupandwa awe amelizoea tandiko, awe amefungwa mshipi wa tumboni tundu baada ya tundu bila kukazwa kwa mara moja, awe ameongozwa kutoka nyuma kwa kamba mbili ndefu, na awe anayajua maneno ya kwenda na kusimama kwa sauti peke yake.

Siku yenyewe huifanya iwe ya kawaida kadiri niwezavyo. Farasi amekwisha kuzunguka kidogo kwenye kamba, katika mduara mpana wa mita 15 hadi 20, na pumzi yake imetulia. Saisi wangu, yaani mtunza farasi, anasimama karibu na bega lake, kamwe si mbele ya kifua, akiwa ameshika kamba bila kuivuta. Nimevaa kofia ngumu na kizibao cha kukinga mbavu, nami niko juu ya ngazi fupi. Kwanza naegemeza mkono juu ya tandiko na kulikandamiza. Kisha nalaza tumbo lote juu ya mgongo wake kama gunia, miguu ikining'inia upande niliotoka, ili mambo yakiharibika niteleze na kutua kwa miguu. Hapo natulia na kuzisikiliza mbavu. Je, anapumua? Farasi aliyekubali hushusha shingo, hupepesa jicho, hutafuna, na hatimaye hutoa pumzi ndefu puani ambayo naihisi ikipita chini ya kitovu changu. Farasi aliyeziba pumzi huwa mgumu kama ubao. Sikio moja huwa limeelekezwa kwangu na jingine kwa saisi, na ninapenda kuyaona yakibadilishana, kwa kuwa sikio linalosogea ni la mnyama ambaye bado anafikiri. Nashuka kabla hajaanza kuhangaika, nasubiri, narudia, kisha nafanya yote hayo upande wa kulia, maana mara nyingi alichokizoea kwa jicho la kushoto hukishtukia upya akikiona kwa la kulia.

Baada ya hapo ndipo ninapovusha mguu, goti likiwa limekunjwa ili lisimparuze kiuno, na kuketi nikiwa bado nimeinamia shingo. Najiinua kidogo kidogo mpaka niwe wima, mkono mmoja umeshika ukanda niliomfunga shingoni, ili nikiyumba nijishikilie hapo badala ya kumng'ang'ania kinywani. Dakika 2 au 3 zinatosha. Nashuka, tandiko linatolewa, naye anarudi kwa wenzake.

Kuna jike mmoja wa kijivu ambaye sitamsahau, kwa sababu kosa lilikuwa langu na yeye ndiye aliyeumia zaidi. Alisimama tuli siku ya kwanza, siku ya pili na siku ya tatu, hakusogeza hata ukwato, nami nikamsifu kwa utulivu wake. Siku ile ya tatu nikamwomba hatua moja mbele. Aliinamisha kichwa, akakunja mgongo kama upinde na kurusha miguu ya nyuma mara 5 au 6, nikaangukia bega. Nilipoyapitia tena akilini yaliyotangulia, niliona yote niliyopaswa kuyaona mapema: jicho lisilopepesa, mkia uliobanwa, taya lililokaza. Jike yule alikuwa ameganda kwa woga, nami nilikuwa nimekaa juu ya woga huo kwa siku 3 nikiuita utulivu. Tangu hapo siketi wima juu ya farasi yeyote kabla saisi hajamsogeza hatua moja kushoto na moja kulia nikiwa nimelala kwa tumbo, ili ajue kwamba anaweza kutembea na uzito ule na hakuna baya litakalompata. Ilinichukua majuma 6 kumrudisha jike yule mahali ambapo angefika baada ya juma moja.

Agizo la kwanza mgongoni ni kwenda mbele. Mguu wa mpandaji hauna maana yoyote kwa farasi ambaye hajapata kupandwa; ukimbana mbavu, anaweza hata kuusukuma mguu huo badala ya kuondoka. Kwa hiyo neno analolijua kutoka ardhini hutangulia, mguu unagusa kidogo mara baada yake, na papo hapo anapoinua ukwato wa kwanza, mguu unaachia. Baada ya siku chache mguu unachukua maana ya neno, na neno linaweza kunyamaza. Naomba hili la kuachia lisipitwe haraka, kwa kuwa ndilo kiini cha kazi yote. Mbano humsumbua farasi ili atafute jibu, lakini kinachomwambia kwamba jibu lake ni sahihi ni kutoweka kwa mbano. Mpandaji anayeendelea kubana farasi akiwa tayari anatembea amemwambia kwamba kutembea hakukuwa jibu, na farasi mwenye akili ataendelea kutafuta: atasimama, atarudi nyuma, atarusha teke. Kisha ataitwa mkaidi.

Kugeuka nako kunafuata njia hiyo hiyo. Hatamu ya ndani naipeleka kando, mbali na shingo, kama mtu anayesukuma mlango wazi, bila kuivuta kuja tumboni kwangu. Pua inafuata, kisha, baada ya kusita kidogo, miguu inafuata pua. Wakati mwingine shingo inapinda huku bega la nje likiteleza kwenda kwingine kabisa, na mpandaji anajikuta anatazama kushoto huku anasafiri kulia. Hapo simvuti zaidi. Namnyoosha, namwacha aende hatua chache mbele, kisha naomba kona pana kuliko ile ya kwanza.

Kuhusu kinywa, naona hakizungumzwi vya kutosha. Umri tunaowaanzisha farasi wengi ndio umri wanaobadilisha meno. Meno ya mbele ya utotoni hung'oka jozi kwa jozi, akiwa na miaka 2 na nusu, 3 na nusu na 4 na nusu hivi, na magego ya mbele ya utotoni husukumwa nje kati ya miaka 2 na nusu na 4. Juu ya hayo, farasi wengi huwa na vijino vidogo mbele ya magego, karibu na mahali lijamu, kile chuma cha kinywani, linapokaa. Nilikuwa na dume mmoja aliyehasiwa, wa miaka 3 na nusu, aliyegeuka kulia kwa wepesi wa kupendeza na kutupa kichwa juu kila nilipomwomba kushoto. Daktari wa mifugo alikuta gamba la gego la utotoni limelegea na kuchoma ufizi wa upande wa kushoto. Lilipotolewa, nilimpanda majuma mawili kwa hatamu isiyo na lijamu, na kushoto kukawa sawa na kulia. Mtu mwenye mkono mkali angemaliza majuma hayo mawili akimwadhibu. Siku hizi sianzi kabla kinywa hakijakaguliwa.

Mwendo wa matiti, ule wa haraka kidogo ambapo miguu hukanyaga miwili miwili kwa mshazari, mimi huuomba baada ya siku chache za kutembea kwa uhakika, na mwanzoni kwa nusu ya uwanja tu. Naketi nikiwa mwepesi, nikiinuka na kushuka kwa kufuata mapigo ya miguu, ili mgongo wake usipigwe. Shoti, mwendo wa kasi kuliko matiti, sina haraka nayo. Mgongo unapoingia kwenye shoti hubadilika umbo, tandiko husogea na mshipi hukaza kwa namna ambayo farasi hajawahi kuihisi, na ndiyo sababu mateke mengi huja hapo. Kuiomba shoti kwenye kona finyu ni kumwomba mnyama asiye na mizani asimame juu ya mguu mmoja. Naingoja mahali panapopanda kidogo, kwenye mstari ulionyooka, na mara nyingi huja yenyewe.

Kila kikao ni dakika 15 hadi 20, siku 4 kwa juma, na namaliza mapema anapofanya vizuri. Baada ya majuma 2 au 3 tunatoka nje ya uwanja, nyuma ya farasi mzee mtulivu, na huko hujifunza kunyooka haraka kuliko ndani, kwa sababu ana mahali pa kwenda na mtu wa kumfuata. Akikuta kitu kinachomtisha, tunasimama mbali nacho na kumwacha akitazame. Mzee akipita bila kujali, mchanga huchukua ujasiri kutoka kwake, na kesho yake mara nyingi hukipita kitu kile bila kugeuza hata sikio.

Majuma 6 ya kazi hii yakitimia, humpa malisho kwa majuma mengine kadhaa bila kumpanda kabisa. Nikimrudisha huwa amebadilika: kiuno kimepanda juu kuliko mabega, misuli imejaa pengine na kupungua pengine, na tandiko lililomkaa vizuri sasa linambana nyuma ya mabega au limesogea hadi kuupita ubavu wa mwisho, ule wa 18, ambako mgongo hauna cha kuusaidia kubeba. Fundi wa matandiko huja kabla mshipi haujafungwa. Kisha tunaanza tena palepale, saisi karibu na bega, ngazi fupi ubavuni, nami nikiwa nimelala kwa tumbo, nikingoja ile pumzi ndefu.